Kisu Kipya Kilichojifanya Kikuukuu

Jumatatu, 6 Mei

Nimevunja kisu cha Shangazi.

Basi, nimeandika. Sasa tunajua wawili, mimi na daftari.

Shangazi ni fundi viatu. Mimi nimemaliza shule, nasubiri matokeo, na badala ya kukaa nyumbani kuhesabu nzi nimepewa kigoda kibandani kwake nijifunze kazi. Hii ni wiki ya tatu. Nilikuwa naendelea vizuri. Jana tu aliniambia nina mkono mtulivu.

Kisu chenyewe ni cha kukatia ngozi. Alitengenezewa na marehemu fundi aliyemfundisha kazi. Ni kifupi, hakina urembo wowote, mpini wa mbao umekuwa mweusi kwa jasho la miaka na una kishimo pale kinapokaa kidole gumba chake. Kina sheria moja, na Shangazi huitamka kila asubuhi kama salamu: kisu hiki si bisibisi.

Leo kopo la gundi lilikataa kufunguka. Shangazi alikuwa amekwenda kununua uzi. Bisibisi ilikuwa kwenye droo. Ili kuifikia droo ilibidi ninyanyuke. Kisu kilikuwa mkononi.

Tak! Vipande viwili.

Nimevitia vyote ndani ya soksi, soksi ndani ya mkoba wangu wa shule. Shangazi aliporudi alitafuta kisu mezani, chini ya meza, ndani ya buti la mteja. Akaniuliza nimekiona wapi mara ya mwisho. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikishikwa na aibu siwezi kumtazama mtu usoni, kwa hiyo nikatazama pembeni.

Pembeni kuna Spoku.

Spoku ni fundi baiskeli. Banda lake limeegemea letu, yeye na Shangazi wanatumia turubai moja kwa mvua na birika moja kwa chai. Mimi humwita mjomba kwa heshima tu, hatuna udugu. Ana tabia ya kuazima kisu cha Shangazi akatie mipira ya magurudumu, na hukirudisha pale anapokumbuka.

Shangazi alifuata macho yangu. Akatikisa kichwa polepole. Akasema, aha.

Sikusema neno! Naapa. Nilitazama tu.

Jumanne, 7 Mei

Siku mbaya kuliko jana.

Shangazi alimvamia Spoku kabla hata hajapanga pampu zake. Alimwambia arudishe kisu. Spoku akasema hajakichukua. Shangazi akamwambia juzi ulisema hivyohivyo na kisu kikapatikana kwenye kikapu cha baiskeli ya watu. Spoku akacheka, akakubali kwamba hiyo ni kweli, lakini juzi ni juzi. Shangazi akasema mwizi wa juzi hahami mji. Spoku akaacha kucheka. Akasema, “Dada, mwizi?”

Shangazi hakulifuta neno lake.

Basi Spoku akatandika gunia chini, akamwaga kisanduku chake chote cha vifaa. Spana, minyororo, mipira, nati, kila kitu. Akapiga magoti akachambua kimoja kimoja mbele ya watu. Mpita njia alidhani anauza, akauliza bei ya spana.

Na mimi nilikuwa nimekaa hatua tano kutoka pale, nashona kamba ya kandambili, soksi iko kwenye mkoba, mkoba uko miguuni.

Mchana Shangazi alitundika turubai kuukuu katikati ya mabanda mawili, kama ukuta. Birika limebaki upande wetu. Spoku amekunywa maji.

Ningeweza kusema. Nilijiandaa kabisa. Niliamua nitasema nikimaliza kushona kamba hii. Halafu nikaishona, nikaifumua, nikaishona tena.

Lakini sasa nina mpango! Nitatengeneza kisu kingine. Kilekile, sawasawa, hadi kishimo cha kidole. Nitakifukia chini ya vipande vya ngozi, Shangazi atakipata mwenyewe, atajua Spoku hana hatia, turubai litashuka, na hakuna atakayelazimika kusema chochote. Nimeviweka vipande juu ya karatasi ya daftari la hisabati nikavizungushia kalamu. Urefu, upana, unene, vyote nimepima na rula. Rula yangu ya shule imepata kazi ya maana kwa mara ya kwanza.

Muda wa mwisho ni Jumamosi.

Jumatano, 8 Mei

Nimemwambia Shangazi jino linauma, naomba ruhusa niende kulitazamisha. Alinikagua mdomo wote kwa huruma, akasema naona pekundu. Hakuna pekundu. Nikazidi kujiona mbaya.

Nikaenda kwa Cheche. Cheche ni mzee anayeunga mageti na madirisha, nyuma ya kinu cha kusaga unga. Niliingia mara mbili nikatoka, mara ya tatu akanishika mlangoni akauliza kama nimetumwa kuhesabu mageti. Nikasema nataka kutengeneza kisu kidogo, ni kazi ya shule. Akasema si umemaliza shule wewe? Nikasema ni kazi ya zamani. Akanitazama. Akasema walimu wa siku hizi wana subira.

Alinitafutia kipande cha msumeno wa mashine, ule wa kukatia vyuma, umekwisha meno. Alisema chuma hiki tayari ni kigumu, hakihitaji kuchomwa wala kupigwa, kazi yangu ni kukipa umbo kwenye jiwe la umeme, lile la kunolea linalozunguka, na sharti ni moja. Nisiruhusu kipate moto. Hesabu moja, mbili, tatu, chovya kwenye maji. Moja, mbili, tatu, chovya. Kikigeuka rangi ya bluu kimekufa, kitakuwa laini kama bati.

Rahisi. Nilielewa kabisa.

Tatizo lilikuwa ndoo. Ndoo ya maji ilikuwa miguuni pa Cheche, na Cheche alikuwa amekaa benchini na wazee wenzake watatu wakinywa chai. Kila nikitaka kuchovya, ilibidi nipite katikati ya magoti yao. Mara ya kwanza nilisema samahani, shikamoo, wakaitikia wote wanne, wakaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Mara ya pili waliniuliza jino linaendeleaje (habari zimeshafika!). Mara ya tatu mmoja alisema binti huyu ana adabu, anaamkia kila dakika.

Sikwenda mara ya nne. Nikahesabu hadi ishirini. Halafu hadi arobaini. Nikawa napuliza kwa mdomo.

Makali yaligeuka njano, kisha zambarau, kisha bluu. Bluu nzuri sana, kama shati la shule.

Nimekificha kwenye soksi ya pili.

Jioni nilikuta ndizi mbili mbivu juu ya kigoda changu. Shangazi alisema mteja mmoja kazileta, zimetoka upande wa pili wa turubai. Spoku amesikia nina jino bovu, kaona nitafune kitu laini.

Nimezila. Zilikuwa tamu. Sijui kwa nini hilo ndilo limeniliza.

Alhamisi, 9 Mei

Labda Cheche alitia chumvi tu kuhusu bluu? Asubuhi, kabla Shangazi hajafika, nilikinoa kile kipande nikajaribu kukata ngozi ya soli. Makali yalijikunja kama ukingo wa karatasi. Ngozi haikupata hata mkwaruzo.

Na Shangazi amejikata. Siku mbili hizi anakatia ngozi kisu cha jikoni, chembamba, kinachoyumba. Leo kimeteleza kikamkata kidole gumba. Damu ilidondoka kwenye kiatu cha mteja. Spoku aliinua pembe ya turubai akanyoosha mkono wenye kitambaa safi na kisu chake mwenyewe, kile butu asichokitumia, akasema, “Chukua hiki, dada, hata kama bado una hasira.” Shangazi alichukua kitambaa. Kisu alikirudisha. Akasema hawezi kuazima kitu kwa mtu anayeazima vitu vyake bila kusema.

Nikasema jino limezidi. Nikakimbia kwa Cheche.

Nilijiandaa njia nzima kumwambia kipande kimepotea. Cheche hakuniuliza. Alichukua kingine, akanipa. Kisha akanyanyua ndoo, akaileta hadi kwenye jiwe la umeme, akaiweka katikati ya miguu yangu. Akasema tu, “Binti, maji hayang'ati.”

Masikio yangu yaliwaka moto kuliko chuma.

Lakini leo nimechovya! Moja, mbili, tatu, chovya, mvuke, tsss. Saa mbili nzima. Kimetoka cheupe hadi ukingoni. Bapa pana, ncha imekatwa mshazari kama cha zamani, nyuma kuna mkia wa kuingia kwenye mpini.

Halafu mashimo. Mkia unahitaji mashimo matatu ya kupitishia misumari. Nikakibana chuma kwenye jiliwa, nikashika keekee ya kutobolea, nikakandamiza. Keekee ililia, sindano yake ikakatika. Nilikuwa nimeshaitia sindano iliyokatika mfukoni (mkono ulikwenda wenyewe, wallahi!) nilipoona Cheche amesimama nyuma yangu. Akasema chuma kigumu hakitobolewi na chuma kigumu, hilo angenieleza kama ningeuliza. Akafungia bapa kitambaa kilichorowa, akapasha mkia peke yake hadi ukawa mwekundu, akauacha upoe polepole. Baada ya hapo mashimo yalitoka kama kwenye sabuni.

Akanyoosha kiganja. Nikamrudishia sindano yake. Vipande vyote viwili.

Ijumaa, 10 Mei

Mpini.

Mbao nimezipata kwa seremala. Sikuziomba. Nilisimama mlangoni pake kwa muda mrefu hadi akadhani nimepotea, akaniuliza nataka nini, nikaonyesha rundo la vipande kwa kidole. Akasema chukua, kumbe unaweza kuongea.

Sikuwa nimeongea, lakini nilishukuru moyoni.

Kazi nimeifanya uani kwetu. Unapasua ubao vipande viwili vyembamba, unaubana mkia katikati kama mkate na siagi, gundi pande zote, misumari mitatu inapita upande hadi upande, unakata vichwa, unagonga ncha zilale. Gundi ni ya kopo lile lile. Safari hii nimelifungua kwa bisibisi.

Mpini wa kwanza umepasuka kwenye msumari wa tatu. Niligonga kwa hasira, ubao ukasema kwaa! na mstari ukakimbia mwanzo hadi mwisho. Nimeutia kwenye soksi. Sasa mkoba wangu hauna daftari hata moja, umejaa soksi tu.

Mpini wa pili niligonga polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya wagonjwa. Umeshika! Nikauchonga kwa tupa, nikausugua kwa msasa, mkali kwanza halafu laini. Kishimo cha kidole gumba nilikichimba kwa kupimia kidole changu, nikasugua, nikapimia, nikasugua.

Kisha nikakinoa juu ya jiwe lenye maji. Nikakata kipande cha ngozi. Kiliingia bila sauti.

Nilikaa kidogo nikikitazama. Mbao ilikuwa ya rangi ya asali, misumari mitatu inang'aa kama macho. Hakuna kitu kizuri nilichowahi kutengeneza kabla ya hiki. Nilitamani mtu apite anione.

Halafu nikakumbuka. Kisu cha Shangazi ni cheusi, kimechakaa. Hiki kinaonekana kimezaliwa leo. Basi nikakipaka rangi ya viatu. Nyeusi, kahawia, nyeusi, kisha udongo, kisha nyeusi tena, tabaka sita. Nikakitundika kwenye kamba ya nguo kikauke.

Kikaonekana kina miaka thelathini. Kazi safi. Nimetumia juma zima kutengeneza kitu kizuri na jioni moja kukifanya kibaya.

Jumamosi, 11 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilikifukia mapema kikapuni, chini ya vipande vya ngozi. Saa nne nikamwambia Shangazi, kwa sauti niliyoifanyia mazoezi, kwamba labda tupange kile kikapu. Akapanga. Akapiga ukelele uliosimamisha baiskeli mbili.

Alikikumbatia, alikibusu! Akasema kumbe kilikuwa hapa, jamani, kumbe kilikuwa hapa siku zote. Akakishika. Akatulia. Akasema kidole kinagoma kuingia kwenye kishimo, au kidonda kimekivimbisha? Nikasema ni kidonda.

Akalishusha turubai kwa mkono wake mwenyewe. Akaenda kwa Spoku mbele ya wateja wote, akamwambia, “Kaka, nimekuvunjia heshima. Mdomo wangu huu.” Spoku akasema yameisha, akauliza tu kama birika bado lina chai. Wakashikana mikono kwa nguvu, muda mrefu. Nilikaribia kulia kwa furaha. Mpango umefanya kazi!

Spoku alipofungua kiganja, kilikuwa cheusi.

Akakinusa. Akasema yeye hushika grisi kutwa, lakini hii si grisi. Shangazi alikuwa ameshageuka kumhudumia nesi aliyekuja kuchukua viatu vyake vya kazi, vile vyeupe. Akampa kiatu cha kushoto. Kilikuwa na vidole vitano vyeusi ubavuni, vimepangika vizuri. Nesi akatazama kiatu. Akamtazama Shangazi usoni, ambako alikuwa amefuta jasho. Shangazi alikuwa na sharubu.

Nesi alicheka hadi akaegemea nguzo ya taa. Watu wote walicheka. Shangazi peke yake hakucheka. Alikuwa anakitazama kisu. Akachukua kitambaa, akasugua mpini mara moja, mara mbili. Rangi ya asali ikatokea.

Akauliza polepole ni nani ametengeneza hiki.

Nilifungua mdomo. Kama kawaida, hakikutoka kitu. Nikaufungua mkoba. Nikatoa soksi ya kwanza, nikaimimina mezani. Vipande viwili vya kisu chake vikalia juu ya mbao.

Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige. Hakuvigusa hata vile vipande. Aliuliza jambo moja tu, kama nilivunja mimi Jumatatu, kabla yeye hajamwita Spoku mwizi. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema kisu ni chuma, chuma huvunjika. Akasema, “Lakini uliniacha, mwanangu. Uliniacha niseme lile neno, na ulikuwa umekaa hapo.”

Akanielekeza kwa kidevu upande wa Spoku. Niende nikaseme mwenyewe, kwa mdomo, si kwa mkoba.

Hatua tano. Sijawahi kutembea mbali namna ile. Nesi alikuwa ameacha kucheka. Nikamwambia Mjomba Spoku kwamba ni mimi. Nilisema nikitazama gurudumu. Akaniomba nirudie, hakusikia. Nikarudia.

Akaweka spana chini. Halafu akasema alipekua kile kisanduku mara tatu, na mara nyingine mbili nyumbani chini ya kitanda, na juzi alianza kujiuliza kama kweli amekichukua na kusahau. Alimuuliza hadi mkewe kama amewahi kumwona akiiba usingizini.

Kisha akauliza jino langu linaendeleaje.

Nikasema hakuna jino.

Akatikisa kichwa muda mrefu. Akasema basi zile ndizi zimeliwa na mtu mzima wa afya.

Natamani ardhi ipasuke. Haipasuki kamwe unapoihitaji.

Jumatatu, 13 Mei

Nilidhani nimefukuzwa. Nilikuja hata hivyo, nikasimama nje kama mteja asiye na kiatu.

Shangazi alikuwa anasugua mpini kwa msasa. Ameondoa tabaka zote sita. Kishimo cha kidole amekipanua mpaka kikawa chake. Kisha akaupaka mafuta kwa kitambaa, mara moja, mbao ikarudi rangi ya asali. Akakata soli nzima kwa mkupuo. Akapitisha kidole kwenye ukingo. Akauliza makali haya nimeyapata wapi. Nikamweleza yote, jiwe, ndoo, wazee, bluu. Nilipofika kwenye ndoo ilibidi aweke kisu chini acheke vizuri.

Halafu akasema maneno ambayo nimeyaandika hapa yote nisiyasahau. Akasema ukiharibu kitu hapa, kuna neno moja tu: nimeharibu. Hakuna jino, hakuna soksi. Unasema nimeharibu, tunatazama pamoja, tunatengeneza. Amenirudishia kigoda kwa sharti hilo. Akaniambia nilitamke mara tatu kwa mazoezi. Nikalitamka. Spoku akasema upande wa pili hawajasikia. Nikalitamka kwa sauti.

Nimebadilika. Nalisikia hilo kabisa ndani yangu. Mimi si mtu yule wa wiki iliyopita.

Jumanne, 14 Mei

Shangazi ameniamini! Leo amenipa kisu mkononi na ngozi bora aliyokuwa ameiweka akiba, nikate soli mbili za viatu vya mwalimu mkuu mstaafu, atakuja kesho. Mwenyewe amekaa nje na Spoku, wanakunywa chai, wanacheka.

Nimekata taratibu sana. Kingo safi, mipindo laini, kazi ya kujivunia. Nimeziweka soli zote mbili mezani, moja pembeni ya nyingine, nikazitazama kwa furaha.

Zote ni za kushoto.

Nimezitazama tena. Za kushoto.

Ngozi imekwisha, haitoshi hata kisigino. Shangazi yuko hatua tatu kutoka hapa. Neno lenyewe ni moja na nalijua kwa moyo. Nimefungua mdomo, nimevuta pumzi. Ameniuliza kutoka nje, vipi huko, mwanangu?

Nimesema zinakuja vizuri.

Lakini nimefikiria jambo. Soli ya kushoto ukiigeuza juu chini inakuwa ya kulia. Ni kweli upande wa chini utakuwa ule wenye manyoyamanyoya, lakini hilo linatibika kwa gundi kidogo, msasa, na rangi ya viatu tabaka nne hivi, tano, nisizidishe safari hii. Naandika huku moja inakauka ndani ya soksi.

Nani hutazama chini ya kiatu?